Moyo Mpya Katika Sanduku la Zamani: Historia ya Kubadilisha Prosesa Jinja na Mbale

Ukimwambia fundi wa kompyuta mjini Jinja kwamba umemletea CPU, atatazama nyuma yako kuona sanduku liko wapi. Kwetu Uganda, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Kenya, neno hilo limekuwa jina la sanduku zima linalowekwa chini ya meza: bati, feni, nyaya na vyote vilivyomo. Kitabuni, CPU ni prosesa peke yake, yaani kipande cha mraba kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mwalimu wa somo la kompyuta ataliita hilo kosa na kulisahihisha kwa wino mwekundu. Mimi, kama mwanafunzi wa lugha na historia, naliona kuwa ushahidi. Watu huita kitu kwa jinsi walivyokutana nacho, na wengi wetu tulikutana na kompyuta ikiwa imefungwa, ikinunuliwa nzima na kufa nzima.

Insha hii inahusu wale wachache waliofungua sanduku na kugundua kwamba lina moyo unaoweza kutolewa na kuwekwa mwingine. Nitaeleza kwanza jinsi prosesa ilivyopata kuwa kitu cha kung'oka, kisha kwa nini mashine kuukuu zilifika mashariki mwa Uganda, na mwisho mabadiliko hayo yalitupa nini na yalishindwa kutupa nini. Hoja yangu ni kwamba kubadilisha prosesa hakukuwa ujanja wa mafundi wa mitaani tu. Ilikuwa njia iliyofunguliwa na watengenezaji wenyewe, ikatumiwa na watu wasio na uwezo wa kununua kipya, na sasa inafungwa bila watu hao kuulizwa.

Prosesa inayong'oka

Prosesa ya kwanza kuuzwa katika kipande kimoja, Intel 4004, ilitangazwa Novemba 1971 ikiwa na transista zipatazo 2,300. Miaka kumi baadaye, Agosti 1981, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi iliyotumia prosesa ya Intel 8088. Mashine hiyo ilikuwa na ubao mama, ambao mafundi wetu huuita madabodi, na vipande vingi vilivyochomekwa juu yake. Kompyuta nyingi zilizofuata ziliiga mpangilio huo, na ndiyo maana hadi leo kipande cha kampuni moja huweza kukaa ndani ya mashine ya kampuni nyingine.

Hata hivyo, kung'oa prosesa za mwanzo kulihitaji nguvu na ujasiri. Zilikuwa na miguu myembamba ya chuma, na mguu ukipinda, basi. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, zama za prosesa ya 486 iliyotolewa mwaka 1989. Soketi zikaanza kuwekewa mkono mdogo wa chuma pembeni: ukiuinua, miguu inaachiwa, ukiushusha, inabanwa. Wakati huohuo Intel ikaanza kuuza prosesa zilizoitwa OverDrive, zilizokusudiwa mahususi kwa mwenye mashine ya zamani aliyetaka kasi zaidi bila kununua nyingine. Msomaji alikumbuke jambo hili. Kubadilisha prosesa kulianza kama bidhaa halali, yenye boksi lake na maelezo yake.

Mwaka 1997 Pentium II ilikuja na umbo jingine kabisa, kama kaseti inayochomekwa wima, lakini baada ya muda mfupi watengenezaji walirudia soketi. Mwaka 2004 Intel ilileta soketi iliyoitwa LGA 775, ambayo miguu ilihamishwa kutoka kwenye prosesa na kuwekwa kwenye ubao mama. Soketi hiyo ilipokea Pentium 4, Pentium D, na baadaye Core 2 Duo na Core 2 Quad. Mashine za soketi hii ndizo zilizojaa katika maduka ya kuchapa, maabara za shule na ofisi ndogo za kwetu, na ndizo zilizowafundisha kazi mafundi wengi ninaowafahamu.

Kuna jambo jingine la zama hizo ambalo lilikuja kunigharimu mimi mwenyewe. Hadi mwaka 2004 kasi ya prosesa ilipimwa machoni pa mnunuzi kwa gigahezi, na Pentium 4 ilifika 3.8. Lakini kadiri namba ilivyopanda ndivyo joto lilivyozidi, na mbio hizo zikafika ukingoni. Julai 2006 Intel ikatoa Core 2 Duo, ambayo ilikuwa na gigahezi chache zaidi lakini ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa yake, tena ikiwa na viini viwili ndani ya kipande kimoja. Namba kubwa ikawa imepitwa na namba ndogo, ingawa sokoni watu waliendelea kuuza na kununua kwa namba kubwa.

Njia ya kutoka Mombasa

Mashine hizi zilifikaje huku? Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, si kwa sababu zimekufa bali kwa sababu mkataba wa kuzikodi au muda wa dhamana umekwisha. Baadhi huuzwa kwa wafanyabiashara, na nyingine hutolewa kwa mashirika kama Computer Aid International la Uingereza, ambalo lilituma kompyuta zilizokarabatiwa katika nchi nyingi za Afrika. Zikishapakuliwa Mombasa, hupita Malaba au Busia na kufuata barabara kuu hadi Jinja na Kampala. Za Mbale huacha barabara hiyo Tororo na kupinda kaskazini. Ni mwelekeo uleule wa reli iliyojengwa kutoka Tororo kupitia Mbale hadi Soroti mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuchukua pamba. Tofauti ni kwamba pamba ilikuwa ikitoka, na kompyuta zilikuwa zikiingia.

Wateja walikuwepo. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Busitema kipo mjini humohumo. Panapokuwa na chuo pana tasnifu, na panapokuwa na tasnifu pana duka la kuchapa na kutoa nakala. Kisha, katika muongo wa 2010, mtaala wa kidato cha tano na sita ulibadilishwa, wanafunzi wakatakiwa kuchagua kati ya hisabati ndogo na somo la teknolojia ya habari. Ghafla shule nyingi zilihitaji chumba chenye kompyuta, si moja ya mwalimu mkuu bali ishirini au thelathini za wanafunzi. Shule isiyo na fedha ingezipata wapi kama si katika mashine zilizotumika?

Serikali iliona upande wa pili wa jambo hili. Katika bajeti ya mwaka 2009 ilitangazwa marufuku ya kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa hoja kwamba nchi inageuzwa jalala. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Sanduku la kompyuta lina risasi na sumu nyingine, na sote tumeona watoto wakichoma nyaya ili wapate shaba. Lakini wenye shule na wafanyabiashara nao walikuwa na hoja: kompyuta mpya ilikuwa mbali na mifuko yao. Baadaye marufuku hayo yalilegezwa kwa upande wa kompyuta, na mwaka 2012 Uganda ikapata sera ya taka za kielektroniki. Nadhani pande zote mbili zilisahau kuuliza swali moja: mashine kuukuu huwa taka lini? Jibu la mafundi lilikuwa tofauti na jibu la tarehe iliyoandikwa kwenye sanduku.

Mji uliozoea kukarabati

Si ajabu kwamba Jinja ni mahali pa kulijibu swali hilo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili Aprili 1954, na mji ukajaa viwanda vilivyofuata umeme huo, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Nyanza. Mwaka 1968 mtambo wa kumi ulikamilisha bwawa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 15, jumla megawati 150.

Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao katika Jinja walikuwa wenye viwanda, maduka na gereji nyingi. Vipuri vikaadimika, fedha za kigeni zikaadimika, na nchi ikaishi kwa uchumi ambao Waganda wenyewe waliupa jina la Kiswahili: magendo. Wazee wanaosimulia miaka hiyo husema ulikuwa hutupi kitu. Ukosefu ulikuwa mwalimu mkali, lakini alifundisha. Mtu aliyejua kufanya mashine moja nzima kutoka katika mashine mbili mbovu hakukosa chakula.

Bwawa lenyewe lilipitia hayo. Baada ya miaka ya vita na kutotunzwa, mitambo yake ilikarabatiwa katika miaka ya 1990. Katika ukarabati huo hawakuirudisha tu ilivyokuwa. Uwezo wa kila mtambo ulipandishwa kutoka megawati 15 hadi 18, na jumla ikawa megawati 180. Ukuta ulikuwa uleule wa 1954, mto uleule, lakini ndani mlikuwa na nguvu zaidi. Kabla watu wa Jinja hawajaona prosesa ikibadilishwa, walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo likifanyika mtoni kwa ukubwa wa jengo.

Prosesa niliyoinunua kwa namba

Agosti 2020 nilikuwa nyumbani Mbale. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na hakuna aliyejua kwamba kwa wengi wetu zingefunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mjomba wangu alikuwa na duka dogo la kuchapa karibu na barabara ya Kumi, na ndani yake kompyuta moja iliyotengenezwa mwaka 2006, yenye Pentium D ya gigahezi 3.0. Mchana ilikuwa ya wateja, jioni ilikuwa yangu. Masomo tuliyotumiwa kwa simu niliyahamishia humo ili niyasome kwenye kioo kikubwa. Tatizo ni kwamba ilikuwa nzito. Ukifungua faili la picha na ukurasa wa kuchapa kwa pamoja, feni ililia kama pikipiki inayopanda Wanale, kisha kila kitu kiligoma. Wateja walianza kuhama.

Mjomba akanipa shilingi 50,000. "Mwana wa dada," akaniambia, "wewe ndiye unayesoma mambo haya. Nenda Jinja ukatafute dawa. Ila ujue hizo ni fedha za kodi ya duka."

Matatu wakati huo ziliruhusiwa kubeba nusu ya abiria na nauli ilikuwa imepanda. Nilipita Tirinyi na Iganga, nikafika Jinja saa sita mchana. Duka la kwanza niliuliza prosesa ya soketi 775 yenye kasi kuliko yangu. Muuzaji alinionyesha Core 2 Duo E8400, ya mwaka 2008, gigahezi 3.0, akaipima soketi kwa macho na kusema itaingia. Iliingia kweli. Usiku ule Mbale niliinua mkono wa soketi, nikatoa ya zamani, nikafuta dawa iliyokauka, nikaweka mpya na kubana feni. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, na kioo kikabaki cheusi.

Sikulala. Nilirudisha Pentium D, na asubuhi duka likafunguliwa kama kawaida, lakini fedha za kodi zilikuwa zimekwenda. Nilipompigia muuzaji alisema bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Ilinibidi nirudi Jinja kwa fedha nilizokopa kwa shangazi, safari hii kwa fundi mzee aliyekaa barazani na sanduku la bisibisi. Alisikiliza, akauliza swali ambalo mimi wala muuzaji hatukuliuliza: "Ubao wako ni wa mwaka gani?" Nikamwambia. Akacheka kidogo. Alinieleza kwamba soketi ni mlango tu. Mwenye nyumba ni kundi la vipande vya ubao mama vinavyoongea na prosesa. Ubao wa 2006 haukuijua prosesa iliyotengenezwa kwa namna mpya ya 2008, hata kama mashimo yalilingana. Aliichukua E8400 yangu kwa ajili ya mashine ya mteja mwingine, akanipa E6600, Core 2 Duo ya 2006 yenye gigahezi 2.4.

"Hii ni ndogo kuliko niliyo nayo," nikasema.

"Mwanangu, unanunua namba au unanunua kazi?"

Iliwaka. Nakumbuka jambo la kwanza nililoliona halikuwa kasi, bali ukimya. Pentium D yangu iliandikiwa wati 95, na E6600 wati 65, hivyo feni haikulazimika kulia tena. Mafaili mawili yalifunguka kwa pamoja, kisha matatu. Mjomba alisimama nyuma yangu, asiseme neno, kisha akageuza kibao cha duka upande ulioandikwa "Tumefungua".

Maji ni yaleyale

Ningeishia hapo, insha hii ingekuwa hadithi ya ushindi, na isingekuwa historia ya kweli. Mashine ya mjomba iliendelea kuchelewa kuwaka, na wateja wenye mafaili makubwa bado walisubiri. Fundi mzee alikuwa amenionya kwamba prosesa haiwezi kula kile ambacho haikuletewa. RAM ilikuwa gigabaiti moja tu, na diski kuu ilikuwa ileile ya sahani inayozunguka. Mwaka uliofuata tulipoongeza RAM na kuweka diski isiyozunguka, tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile ya prosesa.

Mto wa Jinja umekwisha kutufundisha somo hili pia. Mwaka 2000 mitambo ya kwanza ya kituo cha Kiira, kilichojengwa kando ya bwawa la zamani, ilianza kufanya kazi, na kufikia 2007 ilikuwa mitano ya megawati 40 kila mmoja. Kwenye karatasi uwezo wa Jinja ulizidi mara mbili. Lakini mwaka 2005 na 2006, ukame pamoja na kutolewa kwa maji mengi kupita kiasi kilichokubaliwa vilishusha kina cha Ziwa Viktoria, na umeme uliopatikana ukawa mdogo mno kuliko uwezo ulioandikwa kwenye mitambo. Wazazi wetu wanakumbuka mgao wa umeme wa miaka hiyo. Mitambo ilikuwa imeongezwa. Maji yalikuwa ya ziwa lilelile. Anayebadilisha prosesa bila kutazama RAM na diski anaongeza mitambo kwenye mto uliokauka.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kubadilisha prosesa ni jibu la kila mashine kuukuu. Zipo zinazokula umeme mwingi kuliko faida yake, na zipo ambazo gharama ya kuzifufua inakaribia bei ya nyingine iliyo bora. Ninachotetea ni haki ya kufungua sanduku na kupima, kabla ya mtu mwingine kuamua kwa niaba yetu.

Mlango unaofungwa

Haki hiyo inapungua. Katika kompyuta nyingi za mkononi, na hata baadhi ya zile ndogo za mezani, prosesa sasa huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Hakuna mkono wa kuinua. Tena Windows 11 iliyotolewa Oktoba 2021 hudai, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017, na Microsoft ilipanga 14 Oktoba 2025 kuwa mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10.

Mtu atasema: basi shule zibadilishe prosesa. Hapa ndipo kioo cheusi cha mjomba kinaporudi. Mashine za mezani za kizazi cha sita na cha saba hutumia soketi iitwayo LGA 1151, na za kizazi cha nane hutumia soketi yenye jina hilohilo. Lakini kwa utaratibu wa Intel mwenyewe, ubao mama wa kizazi cha sita haupokei prosesa ya kizazi cha nane. Mlango ni uleule, mwenye nyumba hafungui. Shule ya Mbale iliyopokea msaada wa mashine za 2016 itaambiwa kwamba zimekufa, ilhali zinawaka kila asubuhi.

Njia zipo. Mfumo wa Linux unaendesha mashine hizo bila malipo, na mwanafunzi anayejifunza kuandika barua au jedwali hahitaji zaidi ya hapo. Walimu wa kompyuta wangeweza kufanya somo la kufungua sanduku kuwa sehemu ya darasa, badala ya kuwaachia mafundi wa barazani ambao ujuzi wao haujaandikwa popote. Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuuandika, kwa kuwa lugha ya ujuzi huo, kuanzia madabodi hadi magendo, kwa sehemu kubwa ni yetu.

Kompyuta ya mjomba bado ipo dukani. Wateja humwuliza atanunua lini CPU mpya, naye hujibu kwamba alikwisha kuinunua mwaka 2020, shilingi 50,000 pamoja na za shangazi. Hutazama sanduku kuukuu chini ya meza, wakadhani anawatania.